Mkuu wa Kaya Haruhusiwi Kufa

Nchi ya Tosha haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji anayedhani amewahi kuishi humo namwomba atulie tu. Mimi niliishi. Nilikuwa karani wa Wizara ya Shibe, Idara ya Aina za Kaya, dirisha la tatu, na haya ninayoyasimulia niliyaona nikiwa kazini, nimevaa beji.

Niseme mapema, asije mtu akanielewa vibaya: Tosha ilikuwa na chakula. Ghala la Taifa lilijaa mahindi hadi ndege waliotua juu ya rundo walizama miguu. Lakini kulikuwa na watu wanaolala na njaa, na Serikali yetu sikivu, ilipoambiwa hivyo, ilishangaa sana. Wataalamu wakatumwa kwenda kuchunguza. Walizunguka miaka miwili na magari yao na miavuli yao, wakarudi na ripoti nene yenye jambo ambalo kila mwenye jirani alikuwa analijua: njaa haigongi milango yote sawasawa. Hupita nyumba yenye watu wazima wawili wenye kazi, ikaenda kuingia kwa mama aliyebaki peke yake na watoto. Huingia kwa bibi anayelea wajukuu. Huingia kwa mgonjwa asiye na wa kumpikia, na kwa kibarua wa kutwa, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo.

Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Kondo Matimbwa, alilia mbele ya waandishi wa habari. Alipomaliza kulia aliwauliza wataalamu, "Kwa hiyo hatari iko kwenye aina hizi za kaya?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, kwa sababu kaya hizi hazina..."

Waziri akainua mkono. "Inatosha. Tutazifuta."

Zikafutwa Jumatatu. Ikaletwa fomu mpya yenye aina moja tu, Kaya Kamili: mwanamume mmoja mwenye nguvu, ndiye mkuu, pamoja na watu wake. Asiye na mkuu hana kaya, na asiye na kaya hana kadi ya unga. Siku hiyohiyo idadi ya Watosha walio katika hatari ya njaa ilishuka hadi sifuri. Tuligawiwa fulana.

*

Mwezi mmoja baadaye akaja Sikudhani dirishani kwangu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mume wake, Mshamu Likoko, alikuwa mpakiaji katika Ghala la Taifa. Jumamosi moja rundo la mahindi liliporomoka, likamfunika. Wenzake walichimba kwa mikono na mabeleshi, na kila walipotoa debe moja, madebe mawili yalishuka kutoka juu. Walipomfikia alikuwa amesimama wima, punje zimejaa mdomoni. Waziri alituma salamu za rambirambi, akasema kifo hicho ni ushahidi wa wingi wa chakula nchini.

Sikudhani alikuwa amebaki na watoto watatu: Mwanahamisi wa miaka kumi na mitatu, Nuhu wa minane, na Tatu, ambaye hakuwa ametimiza hata mitatu. Alibaki pia na mama mkwe, Bibi Somoe, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyoanza kuingiwa na ukungu.

"Kaka karani," aliniambia, "nimekuja kubadilisha kadi ya unga. Mwenye jina amefariki. Iandike jina langu."

Nilipekua fomu mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali pa kuandika mjane. Nikamwita Bwana Chitanda, Afisa Mkaguzi wa Wakuu wa Kaya, mtu nadhifu aliyependa kuongea huku amefumba macho.

"Mama, pole sana," alisema Bwana Chitanda. "Serikali haiwezi kukuacha bila mkuu. Tukimwondoa marehemu, kaya yako inakuwa ya aina iliyo hatarini, na aina hiyo nchini kwetu haipo. Unataka watoto wako wawe kwenye aina isiyokuwepo?"

"Nataka wale."

"Vizuri. Basi marehemu ataendelea."

"Ataendelea na nini, baba?"

"Na ukuu wa kaya." Akafumbua macho, akanigeukia. "Andika: yupo."

Nikaandika. Mwandiko wangu ulisifiwa sana idarani kwa uzuri. Sikudhani aliangalia kalamu yangu mpaka nilipoweka nukta, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuweka jina juu ya kaburi. Bwana Chitanda akamweleza kwa upole kwamba mtu hawezi kuwa na kaburi lenye jina wakati ana kadi ya unga yenye jina hilohilo. Huo ungekuwa udanganyifu.

*

Unga ukatoka, lakini ulikuwa kidogo. Hesabu ya Wizara ilikuwa hivi: nyumba ya Mshamu Likoko ina mwanamume mwenye nguvu, ameajiriwa ghalani, kwa hiyo haina shida kubwa. Wakapewa robo ya mgawo.

Sikudhani akatafuta kazi. Mashamba makubwa yaliajiri wanaume kwanza. Wanawake walichukuliwa palizi ikizidi, na hawakutakiwa kuja na watoto. Bibi Somoe hangeweza kumkimbiza Tatu, macho hayakumruhusu. Ikabidi Mwanahamisi aache shule akae na mdogo wake. Siku ambazo mama yake alipata palizi walipika. Siku ambazo alisimama getini hadi jua kali bila kuitwa, hawakupika. Kulikuwa na kishamba cha Mshamu nyuma ya kilima, ardhi nyeusi, nzuri. Sikudhani alipokwenda kukilima, balozi wa mtaa alimzuia.

"Shamba lina mwenyewe, shemeji. Mwambie aje mwenyewe aniambie amekuruhusu."

"Unajua yuko wapi. Wewe ulibeba jeneza."

"Nilibeba," alisema balozi, akiangalia chini. "Lakini kwenye daftari yupo. Mimi nifanyeje?"

Kisha ukaja Ukaguzi wa Uwepo. Wizara ilitaka kuhakikisha kwamba wakuu wote wa kaya wapo, na kwa kuwa wengi walikuwa hawaonekani, ikaamuliwa kwamba kigezo kiwe sahani. Palipo na sahani ya mkuu, mkuu yupo. Kila Alhamisi saa saba mchana, mkaguzi aikute imetengwa kwenye kigoda chake, imejazwa kwanza kabla ya nyingine zote, na iwe kubwa kuliko zote, kama inavyostahili heshima yake. Ukaguzi ukiisha, sahani ichukuliwe kama kielelezo. Kanuni zilikataza kabisa kielelezo kurudi kwenye sufuria.

Tulifika kwa Sikudhani mimi na Bwana Chitanda. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiliwa. Kigoda cha Mshamu kilikuwa karibu na mlango, na juu ya mkeka mbele yake ugali wa mgawo na mchicha. Watoto walikaa ukutani. Bwana Chitanda akapiga saluti kwa kigoda.

"Bwana Likoko, hujambo?"

Tulinyamaza kwa muda uliowekwa na kanuni, yaani pumzi tatu. Ndipo nikasikia. Kitu kilikuwa kinamwagika darini, taratibu, kama mtu anayemimina punje kutoka gunia lililotoboka kidogo. Nikaangalia juu. Hapakuwa na dari. Ilikuwa mabati matupu.

"Panya," alisema Bwana Chitanda, akaandika.

"Panya waliondoka zamani," alisema Bibi Somoe kutoka pembeni. "Hapa wangekula nini?"

Tatu akanyanyuka ukutani, akatembea hadi kwenye sahani, akachuchumaa. Aliigusa kwa kidole kimoja, kwenye ukingo tu. "Baba," akasema. Mwanahamisi akaja akambeba akamrudisha, na hakuna aliyelia. Mimi nilikuwa nimezoea nyumba ambazo watoto hulia.

Tulipotoka, Bwana Chitanda alikula kielelezo ndani ya gari, kwa kijiko cha Serikali.

*

Alhamisi ya tatu Bwana Chitanda aliumwa tumbo, nikaenda peke yangu.

Watoto walikuwa wamebadilika. Nywele za Nuhu zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Punje zilimwagika tena, karibu zaidi, nikahisi kama zinaanguka nyuma ya shingo yangu, nikajipapasa, sikukuta kitu. Bibi Somoe alikuwa amesogea hadi kwenye kigoda cha mwanawe, ameweka kiganja juu yake.

"Mshamu," alikuwa anasema, "mwanangu, mama yako nakuomba. Umekaa vya kutosha. Inuka uende, wanao wale. Mimi ndiye niliyekuzaa, mimi ndiye ninayekuruhusu. Nenda."

Punje zikazidi. Zilimiminika sasa kama pale ghalani, wote tuliinama, na Nuhu akajifunika kichwa kwa mikono. Kisha zikakoma ghafla.

"Anataka kwenda," alisema Bibi Somoe, akigeuza macho yake ya ukungu upande wangu. "Ni nyinyi mnaomshika."

Nilimwambia nitalipeleka suala lake ngazi za juu. Nikachukua sahani, nikatia saini, nikaondoka. Nilipofika chini ya mteremko nilikaa juu ya jiwe. Kanuni zilikataza kielelezo kurudi kwenye sufuria, na zilikataza pia kutupa chakula. Mimi nilikuwa mtumishi mtiifu. Nilikula. Ugali ulikuwa umepoa na mchicha haukuwa na chumvi. Nilipomaliza niliinua kichwa, nikamwona Mwanahamisi amesimama juu ya mteremko, ananitazama. Alikuwa amekuja kuchukua sahani. Nikamkabidhi. Akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akasema ahsante.

*

Bibi Somoe alikuwa ameanza kusema anakula kwa jirani. Kila chakula kilipotengwa alisema, "Mimi nimeshiba, nimetoka kwa mama Zainabu sasa hivi," akasogeza tonge lake kwa Tatu. Sikudhani alimwamini kwa siku kadhaa, kwa kuwa alitaka kuamini. Kisha akakutana na mama Zainabu kisimani.

"Mama mkwe wangu amekuzoea sana," alimwambia. "Nakushukuru."

"Bibi Somoe? Sijamtia machoni mwezi wa pili huu."

Sikudhani aliacha ndoo palepale, akakimbia. Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka, ameegemea kigoda cha mwanawe, mkono umekizunguka. Mwili ulikuwa bado una joto.

Alikuja dirishani kwangu siku hiyohiyo na kanga aliyojifunga mazishini. Wizara ilihitaji sababu ya kifo. "Njaa," alisema.

Sababu hiyo haikuwemo kwenye orodha, wala haikuwezekana ndani ya Kaya Kamili. Suala likapanda hadi kwa Waziri, likashuka na jibu lililopigwa chapa vizuri: marehemu amefariki akiwa ameshiba siku zake. Tuliipenda lugha hiyo. Tukaanza kuitumia kwa wote.

"Na kibali cha mazishi," aliongeza Bwana Chitanda, "kitiwe saini na mkuu wa kaya."

Sikudhani alimjibu, "Tumeshamzika, baba. Tumemlaza karibu na mkuu wa kaya. Ukitaka saini, nenda kaichukue."

*

Alhamisi iliyofuata hatukwenda kwake. Yeye alikuja kwetu.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana na ukumbi wa Wizara umejaa watu. Sikudhani aliingia amebeba kigoda kichwani, na Mwanahamisi nyuma yake ameshika sahani iliyooshwa vizuri, haina kitu. Alikiweka kigoda katikati ya ukumbi, chini ya picha ya Waziri. Akaweka sahani mbele yake. Akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, taratibu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza Bwana Chitanda.

"Ni mkuu wa kaya, Bwana Likoko. Mmesema yupo, nami sina ubishi na Serikali. Basi huyo hapo. Anakula saa saba. Ajazwe kwanza, na sahani yake iwe kubwa kuliko zenu."

"Huwezi kumwacha hapa!"

"Mimi nimwache vipi, baba? Mke hana mamlaka juu ya mkuu. Ameamua mwenyewe kuhamia kwenu." Kisha akainama, akasema jambo karibu na kigoda. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema, "Nisamehe, baba Mwanahamisi. Hawa ndio walioniambia hukufa. Kaa nao." Akaweka kiganja juu ya kile kibao alipozoea kukaa mumewe, na Mwanahamisi akamshika bega. Wakatoka bila kugeuka nyuma.

Kwenye foleni alikuwepo mwanamke mmoja mnene kiasi, simjui jina. Alikunja fomu yake, akaenda zake. Baada ya saa moja alirudi na jozi ya viatu vya mpira vya mwanamume, akavipanga karibu na kigoda, mbele yake bakuli. Kesho yake zilikuja kofia, fimbo, koti la mvua, baiskeli isiyo na magurudumu. Wajane walikuja, na wale ambao waume zao walikwenda migodini wasirudi, na wale waliotelekezwa. Mwisho wa wiki hakukuwa na pa kukanyaga kutoka mlangoni hadi ofisi ya Waziri, na kila kitu kilikuwa na chombo kitupu mbele yake.

Waziri alihutubia taifa kutoka mlangoni mwa ofisi yake. "Ndugu Watosha," alisema, "mnaona wenyewe. Wakuu wote wa kaya nchini wameripoti Wizarani kwa hiari yao. Hakuna serikali duniani iliyowahi kuwa karibu na wananchi wake kiasi hiki!" Makofi yakapigwa. Ilikuwa saa saba kamili.

Ghafla punje zikaanza kumwagika. Ilianza darini juu ya ukumbi, ikaenea ofisi moja hadi nyingine, sauti ya punje zisizohesabika zikiteremka, na hakuna punje hata moja iliyoonekana. Waziri alifungua mdomo kuendelea, akaufunga, akaufunika kwa kiganja. Alitoka akikohoa, na watu wa karibu walisema alikuwa anajaribu kutema kitu.

Tangu hapo, kila mchana ilikuwa hivyo. Watumishi walifungua vyakula vyao, wakasikia, wakavifunika. Bwana Chitanda alijaribu kulia chakula chake nje, chini ya mwembe wa maegesho, akarudi amepauka, akasema kuna mtu alikuwa amekaa mkabala naye anasubiri. Siku ya tisa aliacha kazi. Wengine walibaki, wakakonda; mimi nilijifunza kula usiku. Fomu haikubadilishwa. Lilitolewa tangazo tu kwamba saa ya chakula cha mchana imefutwa.

*

Wanawake, kwa kuwa hawakuwa tena na wakuu, walifutwa kwenye kadi. Tukasubiri kusikia kwamba wamekuja kuomba. Hawakuja. Mwezi ukapita, miwili ikapita, na Wizara ikaingiwa na wasiwasi, maana watu wasiokuwepo walikuwa wanaonekana wakipita barabarani na majembe. Nikatumwa kwenda kuwahesabu.

Niliwakuta nyuma ya kilima, kwenye vile vishamba vilivyoandikwa majina ya wanaume waliohamia Wizarani. Balozi hakuwa na wa kumwombea ruhusa tena, wala wa kumnyima. Alikuwa amekaa kivulini, anawanolea majembe. Walikuwa wamevunja nyua kati ya nyumba nne. Sufuria ilikuwa moja, kubwa, ya kukodishwa kwenye harusi. Bibi mmoja mwenye mguu mbovu alikaa na watoto wote, ishirini na kitu, Tatu akiwa mmojawapo, amelala mgongoni kwa mtoto mwingine. Wenye nguvu walilima, na wawili walikwenda vibaruani kwa zamu. Mwanahamisi alikuwa amerudi shule asubuhi hiyo. Si kwamba walikuwa wameshiba. Mahindi yalikuwa bado ya magotini, na kwenye sufuria kulikuwa na uji mwepesi. Lakini niliona watoto wanalia, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Sikudhani alinyoosha mgongo, akaegemea mpini wa jembe.

"Umekuja kutuhesabu, kaka karani?"

"Ndiyo. Ninyi ni kaya ngapi hapa?"

"Moja."

"Na mkuu?"

"Leo ni zamu ya mama Zainabu kusonga ugali, ukiwepo. Andika huyo."

Nilitafuta mahali pa kuandika, sikupata. Nikaanza kuwahesabu mmoja mmoja kwa kidole. Nilifika kumi na saba, wakaongezeka wawili waliokuwa wanapanda kutoka barabarani na mizigo kichwani. Nikaanza upya, nikafika ishirini na moja, akatokea mwingine nyuma yao, peke yake, anatembea polepole, sufuria ndogo kichwani na mtoto kiunoni, mifupa ya mabega imesimama chini ya gauni lililokuwa linamjaa zamani. Nilimtambua kwa mwendo. Alikuwa dada yangu wa kwanza kuzaliwa, Mwanaharusi, aliyenilea mimi mama yetu alipofariki. Mume wake alikwenda migodini mwaka juzi. Fomu ya nyumba yake niliijaza mwenyewe ofisini, bila kwenda, kwa mwandiko mzuri: mkuu yupo, wanakula mara tatu.

Alisimama mbele yangu. Nikaficha daftari nyuma, kama mtoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu hadi usoni, na hakukuwa na hasira hata kidogo katika sauti yake. "Masudi, mdogo wangu," alisema, "umenenepa."